Kilomita 780 na simu kidevuni

Watu wengi wameniuliza kuhusu ile safari yangu ya Camino, na zaidi kuhusu zile sauti nilizokuwa narekodi njiani, kwa hiyo nayaandika yote hapa mara moja pamoja na makosa, manake nilikosea mengi na kuna moja linaniuma mpaka leo. Mimi sio mtaalamu wa sauti. Natunza wazee huku Ujerumani, mwaka wa tisa sasa, kwetu Tanga, na kabla ya 2023 safari ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda kwa miguu ilikuwa Soni mpaka Lushoto siku basi lilipotufia njiani.

Kwa wasioijua, Camino ni njia ya mahujaji Wakatoliki kwenda Santiago de Compostela, kule pembeni kabisa kaskazini magharibi mwa Hispania, ambako wanaamini ndiko alikozikwa Mtume Yakobo. Njia ziko nyingi, mimi nilichukua ile inayoanzia upande wa Ufaransa, mji unaitwa Saint-Jean-Pied-de-Port, mpaka Santiago ni kama kilomita 780. Ndiyo, mimi Muislamu, na ndiyo, mama aliniuliza. Neno lake la kwanza lilikuwa "usije ukaniambia umeritadi." Nikamwambia mama, natembea tu, kichwa kimejaa. Zamu za usiku miaka mitatu mfululizo, unaingia asubuhi chumba kile kitanda kitupu, kesho yake analetwa mwingine. Nilitaka wiki tano ambazo kazi yangu ni kunyanyua mguu mmoja halafu mwingine.

Sauti nilizichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza najijua, daftari naandika siku mbili ya tatu nimelisahau. Ya pili mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, meseji hasomi tena, tunaongea kwa voisi za WhatsApp. Nikasema basi kila siku narekodi, zingine nabaki nazo mwenyewe zingine namtumia yeye. Mpango mzuri. Nilinunua na kirekodi kidogo cha kwenye mfuko, kama yuro 90, na hiyo ndiyo hasara yangu ya kwanza naomba muiruke: baada ya siku nne kilikaa chini ya begi mpaka Santiago, manake simu iko mkononi na kirekodi kiko ndani, na jambo likitokea hulisubirishi likungoje ufungue zipu. Simu inatosha.

Nilianza tarehe 3 Mei, baada ya Idi. Siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, unavuka milima ya Pyrenees mpaka Roncesvalles, kama kilomita 25, na unapanda zaidi ya mita 1,200. Huko juu kuna kondoo na farasi wamevalishwa kengele shingoni, wanakula majani kwenye ukungu huwaoni unazisikia tu zile kengele, nikasema hii mama lazima aisikie. Nikarekodi dakika kumi na moja, naongea kwa hisia, karibu nilie. Usiku naisikiliza: fuuuuu. Upepo mwanzo mwisho. Kengele hamna, mimi mwenyewe nasikika kama mtu aliyefungiwa kwenye pipa.

Upepo ndio adui, aliyetembea sana atakwambia mvua lakini kwa kurekodi ni upepo. Nilikuja kujua dawa yake ni rahisi kuliko nilivyodhani: upe upepo mgongo, simu iweke ndani ya koti karibu na kidevu, usiongee moja kwa moja kwenye tundu la maiki bali kwa pembeni kidogo, na ivishe soksi. Soksi ya sufu, safi tafadhali. Nilitembea wiki nne na soksi moja kazi yake ni simu tu, watu wananitazama. Maiki ya hedifoni usiibane kwenye kola, inasuguana na mkanda wa begi, kila hatua unasikia krakra krakra.

Siku ya nne ya kutembea, baada ya Pamplona, unapanda kilima kinaitwa Alto del Perdón. Juu kuna mitambo ya umeme wa upepo imejipanga, na kuna sanamu za chuma za mahujaji, wengine kwa miguu wengine juu ya wanyama, na maandishi ya Kihispania yanayosema hapa ndipo njia ya upepo inapokutana na njia ya nyota. Nimesimama hapo na simu yangu bila soksi, bado sijajifunza, narekodi maneno ya busara kuhusu upepo, na upepo unayafuta yote kadri ninavyosema. Faili hiyo bado ninayo.

Sasa kosa la pili, nalo lilichukua muda mrefu zaidi kuligundua. Wiki mbili za kwanza nilikuwa narekodi jioni. Unafika albergue, ndizo hosteli za mahujaji, za manispaa au za watu binafsi, kitanda yuro 8 mpaka 15 wakati huo, unaoga, unafua soksi, halafu natoka nje kwenye kamba za nguo nakaa naongea dakika arobaini. Kila siku. Nilijiona najitahidi kweli. Baadaye nimerudi nyumbani nikazisikiliza, Mungu wangu. Nimechoka, miguu inauma, nimekula supu ya dengu, nimekutana na Mkorea mmoja mzuri, nimechoka. Kuna faili moja nilihesabu "nimechoka" mara kumi na nne. Sauti yenyewe imelala. Na hakuna mahali, yaani ukinisikiliza hujui niko Hispania au niko uani kwetu Ngamiani, manake jioni unakuwa umeshaipika ile siku imekuwa uji.

Zilizo nzuri ni zile nilizorekodi kwa bahati, dakika moja, mbili, nikiwa natembea. Kuna moja iko Irache, pale kabla ya Los Arcos, kampuni ya mvinyo imeweka bomba ukutani la bure kwa mahujaji, koki moja inatoa maji nyingine inatoa mvinyo, asubuhi watu wamepanga foleni na vikombe. Nimerekodi maji yanavyoingia kwenye chupa yangu, na Mwitaliano pembeni anacheka anajaza ya kwake ile nyingine. Sekunde hamsini. Nikamtumia mama. Jibu lake: "Na wewe ulisimama upande gani?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa dayari yangu hasa iko wapi, ila sikuelewa kwa kasi ya kutosha.

Kuna mji unaitwa Santo Domingo de la Calzada, ndani ya kanisa lao kuu wanafuga jogoo na kuku, weupe, wako juu kwenye kibanda chao ukutani kama wageni rasmi. Ni kwa ajili ya hadithi ya kale, kijana hujaji alisingiziwa wizi akanyongwa, wazazi wake wakamkuta bado yu hai kwenye kitanzi, wakaenda kwa hakimu, hakimu yuko mezani akasema kama huyo yu hai basi na hawa kuku wangu wa kuokwa nao wako hai, kuku wakanyanyuka kwenye sahani. Mimi nimekaa kwenye benchi nimevua viatu kisirisiri, begi chini, simu inarekodi ukimya tu, mara jogoo akawika. Kanisani! Kule juu kwenye mawe sauti inazunguka mara tatu. Kuna mtoto akacheka, mama yake akamnyamazisha, jogoo akawika tena. Dakika moja na sekunde kumi na mbili na mimi sijasema neno hata moja, ndiyo rekodi yangu bora kuliko zote 212.

Mama aliijibu kwa voisi ya dakika sita. Alianza na jogoo wa babu, akaja kwenye mwaka aliopoteza kuku wote kwa kideri, akaja kwenye siku aliyokwenda Pangani na baba kabla hawajaoana, mambo ambayo miaka arobaini na tatu niliyo naye sijawahi kuyasikia. Na siku zilizofuata ikawa hivyo, mimi namtumia dakika moja ya mlio wowote, yeye ananirudishia maisha yake. Nilipomtumia kengele za kanisa akaniambia habari za kengele ya shule ya misheni waliyokuwa wanaisikia wakiwa chuoni kwa maalim. Nilikuwa nasikiliza huku natembea, nacheka peke yangu, halafu nikifika jioni najirekodi dakika arobaini za nimechoka.

Nilipofika mji wa Burgos simu ikajaa. Hapa nieleze kidogo, programu yangu ya kurekodi nilikuwa nimeiweka WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, kwa sababu kijana mmoja aliniambia ndiyo sauti safi. Ni kweli safi, lakini dakika moja inakula kama MB 10, wakati M4A ya kawaida, aina iliyobanwa, haifiki hata MB 1 na kwa sauti ya mtu anayeongea huku anahema hutajua tofauti. Piga hesabu, dakika arobaini kila jioni ni karibu MB 400 za nimechoka. Ongeza picha, ongeza video. Simu ikaniambia hakuna nafasi nikiwa nimesimama barabarani nataka kupiga picha, nina njaa, goti limevimba, nikaingia WhatsApp nikaona chati ya mama ndiyo imeshiba, nikasema hizi zangu si nilishazisave kwenye programu nyingine, nikafuta chati nzima.

Za kwangu ninazo. Zake ndizo zilizofutika.

Nilikuja kushtuka usiku, saa nane, nimelala kitanda cha juu, watu thelathini wanakoroma, nikakaa wima. Bakapu nilikuwa nimeizima ili isimalize bando. Nikajipa moyo, si ziko kwenye simu ya mama, asubuhi nikampigia mpwa wangu anayemsaidia. Akasema anti, simu ya bibi ina GB 16, kila Ijumaa namsafishia. Kila Ijumaa! Mtoto ana nidhamu kweli. Siku kama kumi za mama, zimekwenda.

Sikutembea siku hiyo. Nilikaa Burgos kwenye benchi mbele ya lile kanisa lao kubwa, nikanunua nyanya na mkate, nikalia kidogo, kwa uwazi tu nawaambia. Halafu nikafanya niliyotakiwa kuyafanya tangu Saint-Jean. Nikaibadilisha programu iwe M4A. Nikawasha bakapu iende kwenye mtandao kila jioni kwa waifai ya albergue, taratibu sana lakini faili ndogo zinapita. Nikaanza kila voisi ya mama inapoingia naihamishia kwenye faili zangu papo hapo kabla sijaijibu, naipa jina: tarehe, mahali, neno moja. Kupa jina ni usiku uleule, ukisema kesho umesema kamwe, nina faili kumi na saba zinaitwa Rekodi mpya na namba, na kuna mbili mpaka leo sijui niko wapi, nasikia ng'ombe tu.

Na jambo dogo ambalo lilinisaidia kuliko yote: kila rekodi naianza kwa kusema tarehe, niko kati ya kijiji gani na gani, na ninaona nini mbele yangu. Sio ninajisikiaje. Ninaona nini. Ukianza na unachokiona, unavyojisikia inakuja yenyewe tu bila kuitwa.

Baada ya Burgos ndiyo Meseta, uwanda mtupu mpaka León, karibu kilomita 180 za ngano na anga. Kuna kipande baada ya Carrión de los Condes, kilomita 17 hakuna kijiji, njia imenyooka kama rula. Wengi wanaichukia hiyo sehemu, wengine wanapanda basi wanairuka. Kwa masikio ni tamu sana. Karibu na Frómista unatembea kando ya mfereji wa zamani, Canal de Castilla, vyura mchana kweupe wanaimba utadhani wamelipwa. Nikamtumia mama, akasema "huko hamjamaliza masika?"

Kuhusu watu wengine sasa. Kwenye bweni usiku kuna mzee alikuwa anakoroma kwa hatua, kama gari linabadilisha gia kupanda mlima, nikamrekodi. Asubuhi nikawachezea wenzangu wawili mezani, tunacheka, na yeye kaingia nyuma yetu na kikombe chake. Aliisikia. Hakusema kitu, alitabasamu tu akaenda kukaa meza nyingine, na tangu siku hiyo nikawa naambiwa analipa chumba cha peke yake kila kituo, yuro 40, 50. Nilimfuata kijiji cha tatu nikamwomba radhi, nikaifuta mbele yake. Akaniambia mke wake marehemu ndiye aliyekuwa anampiga kiwiko usiku. Sikuwa na la kusema. Omba ruhusa kabla, na ukisahau omba baada, na mtu akisema hapana weka simu mfukoni. Hasa mezani jioni, watu wanakuja Camino na mizigo yao, wanaitua mbele yako kwa sababu hamtaonana tena.

Na usidhani lugha yako ni kufuli. Mimi nilikuwa nasema chochote kwa Kiswahili, kwa sauti, nikipishana na watu, nani atanisikia huku? Siku moja tunapanda kuelekea Cruz de Ferro, ule msalaba wa chuma juu ya mlingoti ambapo watu wanaacha mawe, iko kama mita 1,500 juu, nimechelewa, nimeamka vibaya, natukana kwenye simu: hili begi, haya magoti, na huyu babu mbele anayetembea katikati ya njia kama ameinunua. Babu akasimama. Akageuka polepole. Akasema, "Mama, uko na maumivu ya magoti? Miye niko na dawa." Kiswahili cha Kongo kabisa! Mhispania, alikaa Bukavu miaka ishirini na kitu, mmisionari mstaafu. Alinipaka dawa pembeni ya njia huku ananisahihisha, eti nyie wa Tanzania mnaongea kama mnasoma redioni. Alikubali nimrekodi. Dakika tisa, na ndiyo pekee ndefu ambayo sijutii.

Vitu vidogo vidogo. Weka simu hali ya ndege ukirekodi, siku ya pili pale daraja la Zubiri narekodi mto, simu ikaita kutoka kazini wananiuliza ufunguo wa kabati, rekodi ikakatika. Kurekodi kwenyewe hakuli chaji sana kama skrini imezimwa, kinachokula ni ramani na wewe kuchungulia kila dakika, na ramani huihitaji, mishale ya njano iko kila kona. Pawabenki ya mAh 10,000 inatosha siku mbili tatu. Soketi bwenini ni chache, beba kigawanyio kidogo utapata marafiki. Laini yangu ya Ujerumani ilifanya kazi Ufaransa na Hispania bila nyongeza, unayetokea nyumbani nunua laini ya pale, usije ukatumia ya kwetu ukauza shamba. Jumla nilitumia kama yuro 1,900 na usafiri na viatu, na hicho kirekodi.

Kuanzia Sarria, ndani ya kilomita 120 za mwisho, watu wanajaa, kwa sababu ukitembea kilomita 100 tu unapewa cheti, wengi wanaanzia hapo. Kurekodi kukawa kugumu, kila dakika ni buen camino, buen camino, yaani safari njema, vikundi vya shule vina spika. Nikaanza kuondoka mapema, naswali alfajiri, natembea gizani na tochi ya kichwani, Galicia, ndio mkoa wenye Santiago, ina ukungu na majogoo, basi nusu saa hivi dunia ni yangu. Hizo za alfajiri sijamtumia mtu.

Santiago niliingia tarehe 7 Juni. Unapita chini ya tao kabla ya uwanja mkubwa, kuna mtu anapuliza zumari za mfuko, zile za Galicia, na kila hujaji anayepita hapo anatokwa na machozi, nadhani ndiyo kazi yake. Nikarekodi. Nikasikia natakiwa kusema kitu kikubwa, nikabonyeza, nikasema tarehe, nikasema niko wapi, nikasema naona njiwa na mtu kalala chini na begi bado mgongoni. Basi nikazima.

Kuzisikiliza zote kulinichukua majira yote ya baridi, saa kumi na tisa, nikiwa kwenye tramu kwenda zamuni. Zile za jioni za nimechoka nilibakisha mbili tu za ushahidi.

Desemba nilikwenda Tanga. Nikamkalisha mama uani, nikawasha simu, nikasema mama nirudilie ile ya Pangani na baba, ile uliyoniambia siku ya jogoo. Akaniangalia kwa yale macho yake. "Nilishakwambia." Mama zimefutika. "Sasa mimi ndiye niliyefuta?" Nilibembeleza siku tatu. Alichonipa ni kwamba baba alikuwa amevaa shati la kuazima. Nimelirekodi hilo, sekunde nane, faili iko sehemu tatu tofauti.

Jogoo lakini anampenda. Anawapigia majirani, anawaambia sikiliza, huyo yuko kanisani. Mpwa wangu bado anasafisha simu kila Ijumaa, kwa hiyo kila Jumamosi napokea voisi, mwanangu, niletee tena jogoo wangu.